Alama Sitini na Nane

Sitini na nane.

Habibo aliisoma namba ile mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa, na mara ya tatu akiwa ameileta simu karibu na pua, kana kwamba ingeona haya na kujirekebisha yenyewe. Haikujirekebisha. Mstari wa saba, jina lake, jina la marehemu baba yake, na mbele yake sitini na nane.

Jumatatu ilikuwa themanini na moja. Aliiona kwa macho yake haya mawili. Ayanle mwenyewe ndiye aliyeiandika, akainua uso kutoka kwenye kompyuta, akamtazama kwa yale macho yake yasiyojua kuondoka haraka. "Mwalimu Habibo," alisema mbele ya darasa zima, sauti ya kikazi kabisa, "leo umenifundisha mimi." Darasa likaguna. Wahadhiri ishirini wazima, wenye digrii zao na miwani yao, waliguna kama watoto wa kidato cha pili, maana hakuna aliyekuwa hajui. Garissa ni mji mkubwa kwenye ramani, lakini kwa habari ni sebule moja.

Na habari yenyewe ilikuwa tamu. Ayanle aliletwa chuoni kwa wiki nane kuwafunza wahadhiri namna ya kufundisha kazi za kompyuta kwa vijana wanaotaka ajira za kaunti: kuhamisha leseni za biashara kutoka kwenye madaftari makuukuu, kupokea malalamiko ya wananchi kwa mtandao, kuweka rekodi za zahanati mahali ambapo mchwa hafiki. Wiki mbili za kwanza alikuwa mkufunzi tu. Wiki ya tatu akaanza kusahau kalamu yake kwenye meza ya Habibo, kila siku kalamu, mpaka wenzake wakamshauri anunue ya kamba. Wiki ya saba akapeleka neno kwa Adeer Barre, ndugu wa marehemu baba yake Habibo na ndiye walii wake, kwamba wazee wa kwao wangependa kuja kunywa chai. Kila mtu anajua chai ya wazee ni chai gani. Walikuwa wanakuja leo, Alhamisi, baada ya swala ya alasiri.

Leo hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, ndipo mratibu wa mafunzo, Madam Wendy, angetuma orodha ya walimu sita bora. Hao sita wangefundisha kozi mpya, wakianzia Rhamu na Kutulo, mbali kaskazini, miezi mitatu na makarani wa huko. Waliobaki nje, mikataba yao ilikuwa inakwisha Desemba na chuo kilishasema hakina la kuwafanyia. Kwa themanini na moja, Habibo alikuwa wa tatu. Kwa sitini na nane, alikuwa wa saba.

Wa sita, mwenye sabini kamili, alikuwa Gacheri. Naye Gacheri alikuwa amekaa mbele yake sasa hivi, kwenye kibanda cha chai cha Hani nje ya lango la chuo, akichovya mandazi.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Gacheri aliuliza. Alikuwa Mmeru, mwaka wa nne Garissa, na mdomo wake ulikuwa umeshazoea joto kuliko ngozi yake. "Unaniangalia kama askari wa kizuizi cha Liboi. Unataka kitambulisho ama nifungue buti?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Wee! Jana jioni nilikuwa nafua. Kwani bwana yako ameibwa?"

"Sina bwana."

"Kufikia magharibi utakuwa na nusu yake. Habibo, ni nini?"

Habibo alimsukumia simu. Gacheri akasoma, akakunja uso. "Sitini na nane? Nani ameandika huu ujinga? Wewe ndiye uliwafanya wazee wazima wajaze vibali vya mbuzi arobaini mpaka wakaelewa..." Macho yake yalikuwa yamepanda mstari mmoja juu, kwenye jina lake mwenyewe. Mandazi yakabaki hewani, yakichuruza chai.

"Aa," alisema polepole. "Sasa nimeyaelewa hayo macho."

"Sijasema kitu."

"Hujasema kwa mdomo."

Habibo alitamani kukana, ila uongo haukumjia. Wote ishirini walikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye jedwali lile, kwa kuwa walipeana alama wenyewe kwa wenyewe siku za kufundisha kwa majaribio. Ayanle ndiye aliyeng'ang'ania liwe wazi. Jedwali linakumbuka, aliwaambia. Kila anayegusa kisanduku, jina lake linabaki, na saa yake, na kilichokuwepo kabla hajakigusa. Wafundisheni makarani jambo hilo kwanza, alisema, kabla hata ya kujumlisha.

"Si ufungue historia," Gacheri alisema.

Kidole cha Habibo hakikusogea. Kulikuwa na jina moja aliloogopa kulikuta mle, na jingine ambalo hakuthubutu hata kuliogopa.

"Ukikuta ni mimi utafanya nini?" Gacheri aliuliza.

"Sijui."

"Na ukikuta si mimi, alama zako zinarudi, mimi nakuwa wa saba. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria."

"Hata mimi. Lete simu."

Gacheri alijifuta vidole kwenye leso, akabonyeza mara mbili, akangoja mtandao uzunguke. Kisha akaiweka simu katikati ya meza, taratibu, kama mtu anayetua yai.

*Jumatano, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni. 81 imekuwa 68. Ayanle.*

Jiko la Hani lilipumua moshi.

"Labda mtu ametumia akaunti yake," Gacheri alisema mwishowe, na kwa sauti yake ungejua hata yeye hakuamini.

"Labda. Jana saa hizo alikuwa kwa kinyozi. Aliniambia mwenyewe, anatengeneza ndevu za leo."

"Kinyozi gani, Mwalim?" Hani aliingilia. Masikio ya Hani yalikuwa hayajawahi kufunga kibanda. "Jana alikaa hapa hapa, kiti hiyo yako. Na adeer yako, ile mzee ya ndefu nyekundu kwa kidevu. Wamekunywa shaah bilauri nne! Mzee naongea, naongea, kijana nainama kwa simu tu. Mimi nikasema, mashallah, wanabanga harusi."

Habibo aliinuka. Mtandio ulimteleza begani na hakuuokota.

*

Alimkuta Ayanle kwenye chumba cha kompyuta, peke yake, akiviringisha nyaya za projekta. Habibo aliuacha mlango wazi kabisa, maana binti anayeposwa leo hafungi mlango na mwanamume leo. Gacheri alibaki barazani akijifanya anaongea na simu, akisema "eeeh" na "hapana" kwa mtu ambaye hayupo.

Ayanle alipomwona uso ulimfunguka. Ndivyo alivyokuwa, mwembamba, mrefu, na akikufurahia huwezi kukosa kujua. Moyo wa Habibo ulimwendea hatua mbili kabla hajaukamata.

"Hukupaswa kuja leo," Ayanle alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu. "Wanawake wa kwenu si wanakupaka hina?"

"Ndevu zako hazijakatwa."

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kidevuni. "Kwa kinyozi kulikuwa na watu wengi."

"Na kwa Hani mlikuwa wangapi?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini aliyekuwa ndani yake alikuwa ameshatoka.

"Adeer wako alitaka kunijua," alisema. "Mambo ya wanaume. Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Hayo nayo ni mambo ya wanaume?"

"Alama zilipitiwa upya, Habibo. Zote."

"Zote? Nimefungua historia. Wenzangu kumi na tisa hawajaguswa hata nukta."

Aliuweka waya mezani. Akautazama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, macho yake yaliharakisha kuondoka.

"Umenielewa kuliko wote darasani," alisema.

"Usinisifu. Niambie."

"Aliniambia maneno machache. Akienda Rhamu, msije." Ayanle aliusukuma waya pembeni. "Alisema binti wa ndugu yake hatalala miezi mitatu kwenye nyumba za kupanga, kwenye ile njia. Alisema akikuzuia yeye utamchukia, lakini ukikosa alama utaona ni bahati yako. Akaniangalia. Habibo, wazee wangu walikuwa wameshatoka Dadaab, mbuzi wameshanunuliwa, mama yangu amepiga simu kwa watu mpaka Minneapolis..."

"Kwa hiyo ukanikata alama kumi na tatu ukiwa unakunywa chai."

"Kundi la pili lipo mwakani. Nilijua lazima utaingia."

"Mkataba wangu unakwisha Desemba. Unajua. Nilikuambia hapa hapa, nikilia, ukanipa kitambaa chako."

Nje, Gacheri alisahau kusema "eeeh".

"Ungeniuliza," Habibo alisema. Sauti ilianza kumvunjika na akaikaza. "Siku tano kwa wiki nakaa meta mbili kutoka kwako. Ungeniuliza tu: Habibo, mimi au Rhamu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungesema Rhamu."

Hapo ndipo aliposema kweli, na ubaya wa kweli ile ni kwamba ilimpendeza. Habibo alimwona alivyo, mtoto wa watu aliyejipanga wiki na wiki, mbele ya mzee mwenye ndevu za hina, akitetemeka kwa kumtaka yeye. Hajawahi kumpenda kama dakika ile. Wala hajawahi kumwamini kidogo kiasi kile.

"Ningesema vyote viwili," alimwambia. "Hilo ndilo hukulifikiria."

Ayanle alipiga hatua, akakumbuka mlango, akasimama. "Nitarudisha. Wallahi. Wazee wakishasoma Fatiha tu, nazirudisha kabla ya saa kumi na moja. Jina lako linaingia kwenye orodha. Adeer hatajua mpaka..."

"Mpaka nimepanda gari?"

"Ndiyo. Ikishakuwa ndoa, neno ni langu, si lake."

"Haya. Jana umenidanganya mimi kwa ajili ya adeer. Leo jioni utamdanganya adeer kwa ajili yangu. Nikishahamia kwako, Ayanle, itakuwa zamu ya nani?"

Alisubiri. Alikuwa tayari kuchukua jibu lolote, hata bovu. Ayanle aliuinua waya mezani, akaanza kuuviringisha upya.

*

Nyumba ya Adeer Barre ilijaa mpaka viatu vikakosa nafasi mlangoni. Sebuleni wazee kumi na wawili, bakora zimeegemezwa ukutani. Jikoni wanawake kama ishirini, sufuria za wali, nyama ya mbuzi, ndizi za kukatia, na moshi wa ubani wa uunsi uliofanya nyumba nzima inukie harusi kabla ya harusi. Gacheri alikuwa mle mle, amekaa kwenye kigoda cha jikoni, akimenya vitunguu na kufundishwa na wanawake watatu kwa mpigo jinsi ya kumenya vitunguu.

Habibo alikuwa amepambwa. Hina mkononi, gauni la dirac la rangi ya zabibu. Simu ilikuwa mapajani na kila dakika chache aliitazama. Saa kumi na robo. Sitini na nane. Saa kumi na nusu. Sitini na nane. Akawaza: atarudisha. Akawaza: hatarudisha. Akawaza jambo la tatu lililomuumiza zaidi, kwamba hata akirudisha, ataitazama ile namba na kujiuliza amerudisha kwa sababu gani.

Eeddo Ramlo, shangazi yake, aliingia akipepea uso kwa ncha ya mtandio.

"Haya, binti yangu. Wamemaliza maneno. Wameomba vizuri, wallahi, yule mzee wao Salah ana ulimi wa asali. Sasa nimetumwa kukuuliza." Akakaa, akamshika magoti. "Kazi yako ni nyepesi. Unainama tu. Ukinyamaza, narudi kusema umekubali. Mimi nilinyamaza hivyo hivyo, nikapata watoto saba."

"Na tangu siku hiyo hujanyamaza tena," mwanamke mmoja alisema, jikoni kukalipuka kicheko.

Habibo aliinamisha kichwa. Ilikuwa rahisi mno. Asifanye kitu na kila kitu kitafanyika. Tena nusu yake ilikuwa inataka, ilikuwa imeshavuka sebule, imeshaingia ndani ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara ambamo Ayanle alikuwa anangoja habari, kwa kuwa mposaji hakai kwenye kikao cha wazee wake. Kunyamaza kungempa Ayanle. Kungempa pia sitini na nane, na kila namba ambayo mtu mwingine angemwandikia baadaye akiwa amekunywa chai.

Aliinuka.

"Habibo? Wewe! Unaenda wapi?"

Alikwenda hadi kwenye pazia linalotenga ukumbi na sebule. Hakulifungua lote, upande tu.

"Adeer," alisema, "nina maneno."

Bilauri moja ilitua kwenye sinia na mlio wake ukasikika jikoni. Adeer Barre aligeuza zile ndevu zake nyekundu, macho yametoka.

"Shangazi yako hajakufikia?"

"Amenifikia. Nimekuja kujibu mwenyewe. Mimi naenda Rhamu, adeer. Nilipata themanini na moja, na wewe unajua zilikwenda wapi."

"Rhamu?" Mzee Salah aliwatazama wenzake. "Rhamu gani? Barre, sisi hatukuambiwa habari za Rhamu."

"Ni maneno ya nyumbani," Barre alisema haraka. "Msichana ana joto la siku ya posa."

"Muulizeni kijana wenu alichofanya jana," Habibo alisema. "Aseme yeye. Mimi sitamsemea."

"Kijana hakai kikao hiki, binti yangu," Mzee Salah alisema kwa upole. "Si desturi."

"Najua, abti, mzee wangu. Hata alichonifanyia si desturi."

Mzee Salah alimnong'oneza aliyekaa mlangoni amwite kijana. Barazani kukasikika viatu vinavuliwa.

Ayanle aliingia amejiinamia, jasho limemlowesha kola. Hakumtazama Habibo. Alisimama katikati ya zulia, mbele ya wazee wake na wa Habibo, akayasema yote, hakuremba: bilauri nne za chai, sharti, kidole chake, saa. Kila mzee aliyekuwa na shanga za tasbihi alizisimamisha.

"Nilimwambia mimi," Barre alisema ghafla, na sauti yake haikuwa ya hasira tena. "Njia ya Rhamu ilinichukulia ndugu. Gari likapinduka kabla ya Kutulo, nikaletewa kofia. Mnataka niipe na binti yake?"

Habibo alilishika pazia kwa mikono miwili. "Ilinichukulia baba, adeer. Lakini woga wako ungeniletea mimi. Umeupeleka kwa watu."

Mzee alishika ndevu zake akazikamata hivyo, kama mtu aliyeshika kitu kisipeperushwe.

Ayanle alikuwa ametoa simu. Akaiweka sauti ya nje, mbele ya wote. Ikaita mara tatu.

"Madam Wendy," alisema. "Ni Ayanle. Usitume orodha bado. Alama za Habibo niliziandika upya jana, kwa makosa yangu, na nilijua ni makosa. Zake ni themanini na moja."

Upande wa pili kalamu iliwekwa mezani. "Ayanle, unajua unaniambia nini?"

"Najua."

"Habibo anarudi kwa orodha. Wewe kesho saa mbili asubuhi ofisini kwangu, na barua. Na usiguse hilo jedwali tena. Hata kulifungua."

Simu ikakatika. Jikoni, Gacheri aliweka kisu chini. Nafasi ya sita ilikuwa imempita hapo hapo kati ya vitunguu, na kila mwanamke mle alijua, maana alishawasimulia. "Msinitazame," alisema. "Leteni ndoo ya maji, nimemaliza hizi."

Mzee Salah alijikohoza. "Binti yangu, sasa umesikia, na sisi tumesikia. Tuliambiwa tuje kuuliza. Nauliza tena mwenyewe. Unasemaje?"

Ayanle aliinua macho hatimaye. Yalikuwa mekundu, na safari hii hayakukimbia. Habibo aliyatafuta yale aliyoyaona mchana, ule uso uliobaki na tabasamu huku mwenyewe ametoka. Hakuyaona. Akagundua kwamba kutoyaona hakukumtosha.

"Niulizeni nikirudi kutoka Rhamu," alisema.

"Miezi mitatu?" Mzee mmoja alishangaa. "Na mbuzi wameshapikwa?"

"Mbuzi waliwe, abti. Hawana kosa."

Kuna aliyecheka, akajizuia. Ayanle alipiga nusu hatua juu ya zulia.

"Nitangoja," alisema. "Habibo, nitangoja."

Habibo alitaka kumwamini. Alitaka mpaka vidole vya mguu vikamuuma.

"Tutaona," Habibo alisema, akaachia pazia.